Mama Deo Ataanzia kwa Nani

Jumatatu, 3 Juni

Patron, mwenye ofisi, amelamba tena kidole gumba kabla ya kufungua pasipoti ya mteja. Kurasa tatu, ulimi mara tatu. Halafu akanipa. Nimeishika kwa karatasi. Akauliza kama mikono yangu ni ya askofu.

Maji ya ziwa yamefika ngazi ya pili ya ofisi yetu ya tiketi na viza. Nasema maji kwa adabu tu. Yamepita kwenye vyoo vyote vya huku chini Nyamianda, Uvira, kabla ya kutufikia. Tunaingia kwa kurukaruka juu ya matofali. Leo kulikuwa na samaki mfu mlangoni, tumbo juu, na nzi wake. Patron amemruka bila kumtazama. Mimi nimemwondoa kwa fagio, nikatapika kidogo nyuma ya ukuta. Hakuna aliyeona.

Faili mpya. Mjane, mkulima wa Nyakabere. Mumewe alizikwa mwezi wa tatu. Watoto watatu, wote Ulaya, hakuna aliyewahi mazishi. Sasa wanataka mama aende kwao siku kumi, walie pamoja. Deo, wa kwanza, yuko Lyon, Ufaransa. Serafina, wa pili, yuko Liège, Ubelgiji. Bosco, kitinda mimba, yuko Köln, Ujerumani. Mama mwenyewe anaitwa Mama Deo. Jina lake la ubatizo nimelijua kwenye pasipoti, na nimeona aibu kulisoma, kama mtu aliyefungua sanduku lisilo lake.

Patron amesema: miji mitatu, siku kumi, panga wewe, wewe ndiye uliyesoma.

Jumanne, 4 Juni

Nimepanga. Sijawahi kuvuka Bujumbura, lakini ratiba za treni za Ulaya nazisoma kama wengine wanavyosoma matokeo ya mpira. Hii ndiyo sehemu pekee ya kazi isiyonichefua.

Ndege kutoka Bujumbura hadi Brussels. Treni hadi Liège, kama saa moja. Siku tatu kwa Serafina. Treni hadi Köln, saa nyingine moja. Siku tatu kwa Bosco. Halafu safari moja ndefu, Lyon, siku nne kwa Deo, na ndege ya kurudi kutoka huko huko. Hakuna njia inayopitwa mara mbili. Mama mzee hachoki bure. Nimeichora kwa rula. Ni safi.

Nimewatumia watoto wote watatu kwenye simu. Nimeenda nyumbani Kilibula nikiwa na furaha ya kijinga.

Alhamisi, 6 Juni

Kosa. Kosa langu, na kubwa.

Deo ametuma audio, ujumbe wa sauti wa dakika tisa. Nimeisikiliza nikiwa nimesimama. "Weye mudogo, nani alikufundisha kazi? Minye ni wa kwanza. Mama anaitwa kwa jina langu, hapana kwa jina la Serafina. Kilio kinaingia kwa mlango mukubwa, hakiingie kwa dirisha!" Halafu sauti ikashuka. Baba alizikwa siku ya pili, bila kumngoja. Alikuwa ameshapata tiketi. Sasa hata machozi ya mama yake ayapate ya mwisho, baada ya wadogo kuyanywa? Hatatia mkono kwenye barua ya kumpokea. Basi.

Ana haki. Kila mtu hapa anajua. Ukienda kutoa pole, unaanza kwa mkubwa, hata kama nyumba yake iko mwisho wa kijiji na unapita kwenye milango ya wote. Mimi ninajua. Bibi yangu alinipiga kwa kijiko cha ugali kwa kosa hilohilo nilipokuwa na miaka saba. Lakini nilikuwa na rula mkononi, nikamtazama mwanamke aliyefiwa nikaona mzigo unaotafuta njia fupi.

Bila barua ya Deo, siku nne za Lyon hazina mahali pa kulala. Bila mahali pa kulala, hakuna viza. Miadi yake Kinshasa ni tarehe 19. Faili lazima liondoke Uvira tarehe 14. Miadi inayofuata ni ya Oktoba, wakati wa kulima, na hana mtu wa kumlimia.

Naogopa. 

Ijumaa, 7 Juni

Nimegeuza ratiba. Brussels, moja kwa moja Lyon, kisha kurudi Liège, kisha Köln. Mbaya kwenye ramani, sawa kwa heshima.

Serafina amepiga simu akilia kwa hasira. Ndiye aliyenunua tiketi ya ndege. Mama ashuke Brussels, saa moja tu kutoka mlangoni kwake, halafu apite bila kunywa hata maji? "Kaka, minye niko muntu ao niko kituo cha basi?" Nikamwambia ni desturi. Akasema desturi ilikuwa wapi Deo alipokata simu za mama miezi mitatu.

Hilo sikulijua. Deo hajasema na mama yake tangu mazishi.

Nikampendekezea Serafina hoteli Lyon. Nilidhani ni akili.  Akasema: "Mama Deo alale hoteli kwenye mji wa Deo? Nyakabere wote watasema nini? Kwamba amefukuzwa?"

Bosco amecheka tu. "Niweke mwisho, sekretere. Niweke chini ya kiti. Kitinda mimba amezoea masazo." Nampenda Bosco. Lakini hata yeye ananichefua kidogo. Mtu mzima, anacheka, haoni kwamba dada na kaka yake wanamvuta mama huku na huku kama mbuzi wa sikukuu.

Jumapili, 9 Juni

Misa. Sikusikia neno. Nilikuwa nahesabu siku tano.

Deo ametuma tena. Watu wa jumuiya yake wameshachapisha fulana zenye uso wa marehemu. Picha nimeiona. Uso wa mzee umevutwa mpaka masikio yamekuwa mapana. Watu thelathini wakiuvaa tumboni na kula wali. Ameandika chini: "Mama akifika kwangu kwanza." Fulana ziko tayari. Barua haiko tayari.

Sikuweza kumaliza ndagala, dagaa wa ziwani, mezani. Zilikuwa zinanitazama kwa macho yale madogo. Mama aliniuliza kama nina malaria. Nilisema ndiyo, ni rahisi zaidi.

Jumatatu, 10 Juni

Nimemwandikia Deo mara nne. Kwa adabu, kama mtoto kwa mkubwa. Nimemwomba radhi kwa ratiba ya kwanza, nikamwambia kosa ni langu, si la mama wala la dada yake. Alama mbili za bluu: amezisoma zote. Hakuna barua.

Patron amejua. Alikuwa anakula muhogo na karanga juu ya faili. Alitumia kona ya picha ya pasipoti ya Mama Deo kuchokonoa meno. Kisha akaitazama, akaifuta kwenye suruali, akairudisha kwenye bahasha. Uso wa mjane yule, na karanga.

Akasema Deo alishatuma nakala ya kitambulisho chake. Saini iko pale, kubwa, wazi. Barua niiandike mimi. Saini niihamishe. "Ubalozi haujui mukono ya Deo. Na mama akishafika Lyon, utaona kama mutoto atamufungia mlango."

Nikasema ni kosa la jinai. Akasema kosa la jinai ni mimi kupanga kilio kwa rula.

Jumanne, 11 Juni

Nimefanya.

Ilichukua dakika ishirini. Niliwaza ingekuwa ngumu zaidi. Niliandika kwa Kifaransa kizuri. Sana. Deo hawezi kuandika hivyo na hilo pia nililijua, nikaendelea. Kisha saini. Nikaitia wino juu yake ili isionekane ya mashine.

Patron amenipiga bega kwa mkono wenye mafuta. Alama bado iko kwenye shati. Nimeifua mara mbili.

Nimenawa mikono mpaka ngozi imekunjamana. Sabuni haisaidii. Najua kwamba haisaidii na bado nanawa. Mtu mwenye graduat ya chuo kikuu.

Jumatano, 12 Juni

Mama Deo amekuja kutia kidole.

Mwembamba, kitambaa cheusi, ndala mkononi kwa sababu ya maji. Amevuka matofali yetu bila kuyumba, akamsalimu patron, akanisalimu. Hasomi. Nilimshika kidole gumba, nikakibonyeza kwenye wino. Ngozi ngumu kama kamba. Karatasi moja, mbili, tatu, nne.

Akauliza karatasi zinasema nini. Nikamwambia hii ya ndege, hii ya Serafina, hii ya Bosco. Nilitaka kuifunika ya nne. Patron akasema, kwa meno yote nje: "Na hii ya Deo, Mama! Musomee."

Nikasoma. Kwa Kiswahili, nikitafsiri maneno yangu mwenyewe. Kwamba mimi, mtoto wake wa kwanza, nitampokea mama yangu mzazi nyumbani kwangu siku nne, nitamlisha, nitamtunza, na nyumba yangu ni yake.

Akaomba nirudie.

Nikarudia.

Akakaa chini kwenye kiti cha wateja. Machozi yalitoka bila sauti, akayaacha. "Njo Deo huyo," alisema. "Njo mutoto wangu. Nilifikiri hatanisamehe." Maiti isingengoja, alisema, hospitali haikuwa na umeme. Aliamua yeye mwenyewe, mbele ya wazee. Na kila siku tangu siku hiyo anajiuliza kama aliamua vibaya. Akanishika mkono ule ule uliotia wino. "Asante, mwana wanje, kwa kunisomea."

Patron alitoka nje kucheka. Nilimsikia.

Nimeandika mambo mengi katika daftari hili kuhusu yanayonichefua. Harufu, maji, ulimi wa patron. Yote yale ni upuuzi. Leo nimejiona.

Alhamisi, 13 Juni

Sikuenda ofisini. Nilipanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka Nyakabere. Nilikuwa na faili zima tumboni, chini ya shati, nikitoka jasho juu yake. Kwenye kizuizi cha askari nilidhani wataliona na kulisoma. Walitaka tu kujua kama nina sigara.

Mama Deo alikuwa akimenya muhogo na majirani wawili. Mmoja akasema: "He! Sekretere wa ndege anakuja kwa moto?" Mwingine: "Ndege imekosa mafuta." Wakacheka. Nilijaribu kucheka. Waliniona usoni, wakaondoka na mabeseni yao.

Nilimwambia kila kitu. Sikupamba. Barua niliandika mimi. Saini niliweka mimi. Deo hajasema neno lolote kati ya yale. Nikamwambia wakigundua Kinshasa watamfungia njia, pengine miaka, na patron atasema hajui kitu, na mimi nitafungwa. Nikamwambia pia kwamba ratiba ya kwanza, iliyomkasirisha Deo, ilikuwa yangu.

Hakuacha kumenya. Nilihesabu mihogo minne. Niliomba anitukane. Angenitukana ingekuwa nafuu.

Kisha akauliza: "Na Serafina, barua yake ni ya kweli?"

Ya kweli.

"Na kwa Serafina kuko karibu na ndege?"

Karibu. Saa moja.

Akafuta kisu kwenye kitenge. "Sasa kwa nini minye nazunguka? Minye njo niliwazaa. Mukubwa ni Deo kwa wadogo wake. Kwangu, Deo ni mutoto." Akanyoosha kisu kuelekea kwangu, si kwa ubaya. "Watoto wanakuja kwa mama. Mahali nitakaa, njo kwetu. Hata kama ni jikoni kwa Serafina. Deo hatakuwa amekwenda kwa mudogo wake. Atakuwa amekuja kwangu."

 Siku kumi nilikuwa nikipanga mwanamke huyu kwenye reli, mimi na watoto wake na patron, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza.

Akaniambia nitoe simu. Alimwekea Deo audio kwa Kirundi, fupi, nadhani nusu dakika. Nilielewa mambo mawili: siku atakayofika, na kwamba hatasema mara mbili. Hakuomba msamaha wa mazishi. Hakulia. Mwisho alitaja jina lake lote la ubatizo, Deogratias, kama anayemwita kutoka shambani.

Ofisi ilikuwa inajua Deo ni mtu wa kuogopwa. Mama yake hakuwa anajua.

Nilitaka kuichana ile barua mbele yake. Akasema hapana, ni ipi? Nikamwonyesha. Akaikunja mara nne, akaiingiza kwenye kitenge, kiunoni. Nikamwambia, Mama, hiyo ni ya uongo, ni hatari. Akasema anajua ni ya uongo, si nimeshamwambia?

"Lakini umeiandika vizuri," akasema. "Iache."

Niliogopa kuiacha. Nimeiacha.

Hakunipa hata maji. Nilistahili hivyo. Nilipokuwa nageuza uso kuelekea barabara alinipa mfuko wa mihogo, kwa mama yangu, alisema, si kwa weye.

Ijumaa, 14 Juni

Saa moja asubuhi nilikuwa ofisini kabla ya patron. Nimeandika upya. Mji mmoja: Liège. Siku kumi. Mpokeaji mmoja, saini moja, ya kweli. Serafina alituma barua mpya ndani ya robo saa. Nadhani alikuwa hajalala. Bosco ameandika: "Saa moja kwa treni? Nitafika na chungu changu." Jedwali lenye miji mitatu limekuwa mstari mmoja. Halina uzuri wowote. Nimelisoma mara tatu nikitafuta uongo, hakuna.

Nimempa mpwa wa Mama Deo faili mkononi, ndiye atakayemsindikiza Kinshasa. Halafu nikakaa kumngoja patron. 

Alipiga kelele mpaka wauza mkaa wakasimama nje. Mimi ni nani nifute miji ya wateja wake? Tiketi za treni zinauzwa na nani, na Mama Deo? Mate yake yalinipiga shavuni. Nilisema, kwa sauti ndogo sana, kwamba sitahamisha saini tena. Akasema: "Basi kesho usikuje." Nikauliza kama nikabidhi ufunguo. Akacheka. Hata kufukuzwa nafanya kwa utaratibu.

Nimenawa uso bombani kwa jirani. Nimerudi Kilibula kwa miguu. Nilikuwa naogopa kila hatua na bado naogopa. Nitamwambia nini mama? Malaria haitatosha.

Jumatatu, 17 Juni

Nimemwambia. Mama yangu akasema patron yule alikuwa akinuka hata kanisani.

Nimetafuta kazi shule mbili. Hakuna. Ziwa limeshuka kidogo. Limeacha tope jeusi, viatu vya watu, kichwa cha mwanasesere. Linanuka kuliko lilipokuwa limejaa.

Naendelea kuota ile saini. Ina mkia mrefu chini ya herufi ya kwanza. Naweza kuichora hata sasa. Najichukia kwa kuwa naweza.

Jumatano, 19 Juni

Mpwa amepiga simu kutoka Kinshasa saa sita. Mama Deo ametoa alama za vidole. Mashine ilimsumbua, vidole vyake vimelika kwa jembe, ikabidi wavijaribu vyote kumi. Walimwuliza anakwenda kufanya nini. Alisema anakwenda kukaa, na watoto wake watakuja. Aliyeandika alitabasamu. Jibu baada ya wiki tatu au zaidi. Huenda likawa hapana. Mpwa amesema Mama amelala sasa, amechoka na kelele za mji.

Deo hajajibu audio ya mama yake. Serafina amethibitisha: ameisikiliza, hajajibu.

Mchana nimesaidia kuanika ndagala. Jua kali, upepo kidogo. Nzi wachache leo. Baadaye nilikaa kivulini na simu. Hakuna aliyeniomba, na si kazi yangu tena. Nimetafuta treni kutoka Lyon hadi Liège. Ziko. Moja inaondoka asubuhi na mapema, unabadilisha mara moja tu, Brussels, na unafika kabla ya chakula cha mchana.

Nimemtumia Deo saa hizo, kituo cha kubadilisha na tarehe ya mama. Sikuweka salamu wala maelezo.

Alama mbili za bluu zimekuja haraka. Baada ya hapo, hakuna jibu.

Nimeiweka simu chini, nikaenda kugeuza ndagala upande wa pili.